Tulijiunga Bila Kuingia

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwamba naogopa. Serikali ndiyo iliyoomba lisitajwe popote mpaka hapo itakapojua iko upande gani, na mimi ni raia mtiifu. Itoshe kusema kwamba ni nchi ndogo ya Kiislamu, yenye bandari moja na Ikulu yenye madirisha mengi, iliyokaa baharini katikati ya ndugu wawili wakubwa. Mashariki kuna Ufalme wa Marjani, unaotuuzia gesi ya kupikia. Magharibi kuna Jamhuri ya Sunubari, inayotuuzia unga. Ukigombana na Marjani utakula unga mbichi. Ukigombana na Sunubari utawasha jiko ulitazame. Kwa hiyo tangu tupate uhuru sera yetu imekuwa kuwapenda wote wawili, ila wasiwe chumba kimoja.

Asubuhi moja ya mwezi wa Shaabani, Mheshimiwa Rais alikuwa akinywa chai mbele ya televisheni, akamwona Mfalme wa Marjani amesimama na safu ya bendera nyuma yake. Mfalme alikuwa anatangaza kuundwa kwa Muungano wa Ngao Moja, jeshi la pamoja la mataifa ya Kiislamu, litakalopambana na adui. Adui mwenyewe hakutajwa, labda kwa kumsitiri. Rais alizitazama zile bendera kama mtu anavyotazama picha za harusi ya jirani, mpaka jicho lake likafika kwenye bendera ya mwisho kushoto. Ilikuwa yetu. Walikuwa wameitundika juu chini, lakini ilikuwa yetu.

Aliitwa Waziri wa Mambo ya Nje, Dakta Lukmani Tibu, mtu mrefu mwenye sauti iliyoumbwa kwa ajili ya kusoma risala. Alifika akiwa bado anafunga vifungo vya kanzu.

"Tumejiunga lini?" Rais akamuuliza.

"Kwa mujibu wa televisheni, Mheshimiwa, tulijiunga jana."

"Na aliyetia saini ni nani?"

"Bado tunamtafuta. Tukimpata tutampongeza au tutamfunga, kutegemea hali itakavyokuwa."

Chai haijapoa, Balozi wa Sunubari alikuwa mlangoni. Huyu aliitwa Temirhani, mzee wa masharubu meupe, mwenye tabia ya kusema polepole kama anayehesabia watu makosa yao. Sunubari haikualikwa kwenye Muungano, na asiyealikwa karamuni hahitaji kuambiwa ni nani anayesengenywa huko.

"Mheshimiwa, sisi ni ndugu zenu katika imani," alisema. "Tumeuliza adui wa Muungano huu ni nani, hatukujibiwa. Tumetazama mbele na nyuma, hatumwoni mwingine ila sisi. Tunawaomba mtoke kabla ya Idi. Msipotoka, naona meli zetu za unga zitaharibika injini. Zote."

Alipokuwa anatoka alipishana ukumbini na Balozi Wadhihi wa Marjani, kijana mnene aliyenukia udi, aliyekuja kutupongeza kwa uamuzi wetu wa kijasiri na kuuliza kikosi chetu kitakuwa tayari lini. Mabalozi wale waliamkiana kwa amani, rehema na baraka. Wakakumbatiana kwa muda mrefu. Walipoachana, kila mmoja alijipapasa mifuko.

Jioni ile Waziri Lukmani alitoa tamko ambalo mpaka leo linafundishwa katika chuo chetu cha diplomasia. Alisema, "Nchi yetu imejiunga na Muungano bila kuingia ndani yake. Na iwapo italazimu kutoka, tutatoka bila kuondoka." Magazeti yaliandika kwamba tamko lilikuwa zito. Nasi wananchi tuliliona zito, kwa sababu hapakuwa na aliyeweza kulinyanyua.

*

Ramadhani ikaingia na Ikulu haina usingizi. Manowari ya Marjani, ya rangi ya kijivu, ilikuja kutia nanga bandarini, ikingoja kuchukua kikosi. Nje kidogo ya bandari meli za unga za Sunubari zilikuja nazo zikatia nanga, zikingoja kuona kama manowari itachukua kikosi. Rais alikuwa akitoka dirisha moja kuiangalia manowari na kwenda dirisha jingine kuziangalia meli za unga, akirudi, akienda, mpaka zulia la katikati likaanza kulika. Mikate madukani ikawa midogo. Mitungi ya gesi ikaanza kuuzwa kwa kujuana. Watu walikuwa wakifutari huku wameacha redio wazi, na mtu akigonga mlango, nyumba nzima inasimama.

Kilichozidisha wasiwasi ni Idi. Mfalme wa Marjani alitangaza kwamba wanachama wote wa Muungano watasali Idi siku moja, ile iliyochapishwa katika kalenda yake, yaani baada ya kufunga siku ishirini na tisa, na mara baada ya sala vikosi vyao vitaondoka kwenda vitani. Sunubari nayo ikatangaza kwamba mwaka huu mwezi hautaonekana, kwa hiyo itafunga thelathini kamili. Wakati huo Ramadhani haijafika hata nusu. Nchi moja ilikuwa imeshauona mwezi na nyingine ilikuwa imeshaukosa, na mwezi wenyewe hauna habari.

Sisi tuna ada yetu ya zamani. Tunapanda Kilima cha Mnara jioni ya siku ya ishirini na tisa, tunautazama kwa macho yetu, na wakipatikana mashahidi wawili waadilifu, Kadhi Mkuu anatangaza. Ada hiyo ndiyo iliyompa Waziri Lukmani wazo lake kubwa. Aliwaita mabalozi wote wawili, akawakalisha vyumba viwili mbalimbali, akawa anakwenda na kurudi.

"Sisi hatutaki kuwakosea ndugu," alimwambia kila mmoja. "Tunalikabidhi jambo hili kwa Mwenyezi Mungu. Mwezi ukionekana kilimani, tutasali Idi na Marjani, tutakuwa wanachama, na kikosi kitapanda manowari baada ya sala. Usipoonekana, tutasali na Sunubari, na bendera yetu itateremshwa huko ilikotundikwa. Nani atapinga hukumu ya mbinguni?"

Mabalozi hawakupinga, kwani kila mmoja aliamini mbingu ziko upande wake. Rais alilala usingizi wake wa kwanza tangu Shaabani. Alipoamka, akamwita Lukmani.

"Huyo anayetangaza mwezi, Kadhi Mkuu, ni mtu wetu?"

"Ni mtu wa Mungu, Mheshimiwa."

Rais akashika kichwa. "Hilo ndilo nililokuwa naliogopa," akasema.

*

Kadhi Mkuu wetu aliitwa Sheikh Haruni Mwinyikombo. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye ndevu chache, na maisha yake yote alikuwa ameamua kesi za talaka, mirathi na mipaka ya viunga bila kupata maadui wengi, jambo ambalo kwa kadhi ni kama kuogelea bila kulowa. Hakuwa shujaa. Akisikia sauti kali alikuwa akipepesa macho. Nayasema haya ili usimdhanie mengine.

Rais alimpokea kwa heshima kubwa, akamkalisha karibu na dirisha lenye manowari, kisha akaona vibaya, akamhamishia karibu na dirisha lenye meli za unga.

"Sheikh," alisema, "mimi siwezi kukuomba uone mwezi. Wala siwezi kukuomba usiuone. Hiyo ni dini. Ninachokuomba ni uone kwa kiasi."

"Kwa kiasi, Mheshimiwa?"

"Useme labda umeonekana. Useme kulikuwa na kitu. Serikali italifafanua."

Waziri Lukmani, aliyekuwa amesimama pembeni, akaongeza kwamba wataalamu wa wizara walikuwa wameandaa pia mpango wa Idi ya nusu. Wananchi wangefunga mpaka adhuhuri kwa heshima ya Sunubari, kisha wangekula pilau kwa heshima ya Marjani.

Sheikh Haruni akapepesa macho. "Mheshimiwa, kufunga siku ya Idi ni haramu, na kula siku ya Ramadhani bila udhuru ni haramu. Mpango huu unazikusanya zote mbili katika siku moja. Sijawahi kuona wataalamu waliofika hapo."

"Asante," akasema Lukmani, aliyedhani amesifiwa.

"Basi utafanyaje?" Rais akauliza. Sauti yake ilikuwa imekauka, na si kwa saumu tu.

"Nitapanda kilima, nitazame. Nikiuona nitasema nimeuona. Nisipouona nitasema sikuuona."

"Hivyo tu?"

"Ndiyo kazi yenyewe, Mheshimiwa. Haina zaidi ya hapo."

Rais alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja na zawadi isiyofaa. Akamruhusu aende.

*

Sheikh Haruni alirudi nyumbani akiwa na moyo mwepesi. Jambo lilikuwa gumu, lakini lilikuwa wazi. Wepesi ule haukumaliza futari.

Alikuwa na mke mmoja, Bi Shinuna, na mtoto mmoja waliyempata ukubwani baada ya kukata tamaa. Jina lake Idarusi, luteni katika jeshi letu. Jeshi letu ni dogo, na kazi zake za kawaida ni gwaride, mafuriko na misafara ya Rais. Idarusi alikuja kufutari siku ile akiwa amevaa magwanda, akala tende moja, akanywa uji kidogo, akaweka bakuli chini. Mama yake ndiye aliyeanza.

"Una nini?"

"Kimesomwa kikosi cha kwenda Marjani, mama. Ikiwa Idi itakuwa moja na wao."

"Na wewe umo?"

"Nimo mwanzo kabisa. Kamanda amesema mwana wa Kadhi Mkuu akitangulia, watu hawatanung'unika."

Hakuna aliyeshika chakula tena. Bi Shinuna alimtazama mumewe, akitaka aseme neno, naye alikuwa anaangalia bakuli lake la tambi kana kwamba ndani yake mna maandishi.

"Vita hiyo ni ya kupigana na nani?" hatimaye Sheikh akauliza.

"Hawajatuambia, baba. Wamesema tutajulishwa tukishafika karibu naye."

Idarusi alipokwenda kusali, Bi Shinuna alihamia upande wa mumewe. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na yote ya kazi.

"Baba Idarusi, jicho lako la kushoto lina mtoto wa jicho. Daktari alikwambia mbele yangu."

"Ni kweli."

"Mtu mwenye mtoto wa jicho akipanda kilima asione mwezi, nani atamlaumu?"

"Hakuna."

"Basi huyo mtoto wa jicho na amfae mtoto wa tumbo langu. Sikuombi useme uongo. Tazama kwa jicho la kushoto, useme ulichoona."

Nimekwambia hakuwa shujaa. Usiku na mchana uliofuata Sheikh alikuwa akilifumba jicho la kulia, akiutazama ukuta, mlango, uso wa mkewe, akiona kila kitu kimefunikwa na ukungu mwepesi. Mungu amsamehe, aliupenda ule ukungu. Alianza hata kuomba dua ya mawingu, kisha akaona haya, akaomba msamaha, kisha akaomba mawingu tena.

*

Mawingu hayakuja. Siku ya ishirini na tisa anga lilikuwa safi. Mji mzima ulipanda Kilima cha Mnara, kwani hakuna aliyeweza kukaa nyumbani. Watu walikaa kwenye nyasi, wakisimama, wakikaa tena, wakiulizana saa ambayo wote waliijua.

Kamati ya Mwezi ilikuwa imeketi mbele juu ya viti vya plastiki. Kwa kawaida Kamati ni masheikh watano, lakini mwaka huu ilikuwa imeongezewa mwakilishi wa jeshi, wa bandari, wa shirika la gesi, wa wasaga unga na wa utalii. Balozi Wadhihi alikuja na darubini kubwa ya kisasa yenye uwezo, alisema, wa kuonyesha mwezi hata kama haupo. Balozi Temirhani alikuja na mwavuli mpana sana, akaufungua mbele ya ile darubini, akieleza kwamba jua la jioni humuumiza kichwa. Kikosi kidogo cha askari kiliwekwa kati ya mabalozi wawili kuwalinda wasikumbatiane zaidi ya kiasi. Aliyekiongoza ni Luteni Idarusi.

Jua likazama. Sheikh Haruni akasogea ukingoni mwa kilima. Kwanza aliweka kiganja juu ya jicho la kulia, akatazama kwa la kushoto. Aliona wekundu uliovurugika. Hakuona kitu. Nyuma yake mji ulikuwa umeacha kupumua, na kulikuwa na njia nyeupe kabisa mbele yake ya kugeuka, kusema "sikuuona," na kwenda nyumbani kwa mkewe.

Akakaa hivyo kitambo. Kisha akakishusha kiganja.

Ulikuwa pale, mwembamba kama ukucha, juu kidogo ya maji.

Aligeuka, uso umepauka. "Nimeuona," akasema. Hakusema kwa sauti kubwa, lakini kipaza sauti cha redio ya taifa kilikuwa mbele yake, na nchi nzima ikasikia. "Shahidi wa pili ni nani?"

Kamati ikatazama chini. Mwakilishi wa wasaga unga alikuwa anafunga kamba ya kiatu ingawa amevaa makubazi. Masheikh wanne walikuwa wameona kitu, naapa, kwani niliwaona wakikiona, lakini kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake atangulie kwenye matatizo. Waziri Lukmani akakishika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa kuwa shahidi ni mmoja, serikali inapenda kufafanua kwamba mwezi umeonekana bila kuandama."

"Nani mwingine ameuona?" Sheikh akauliza tena. Alikuwa amesimama ukingoni na nyuma yake hamna kitu ila bahari. Alikuwa anapepesa macho. Kusema kweli, moyoni alikuwa anaomba asijibiwe. Akikosekana wa pili, ushahidi wake ungeanguka kisheria, na yeye angekuwa ametimiza haki yake na mwanawe angebaki. Alikuwa hatua moja tu kutoka kwenye raha hiyo.

"Mimi nimeuona, Sheikh."

Watu wakageuka. Luteni Idarusi alikuwa ametoka katika mstari wake, mkono umenyooka kuonyesha magharibi.

Sheikh Haruni alimtazama mwanawe. Alimtaka ushahidi kama anavyomtaka mtu yeyote: umeuona wapi, pembe zake zimeelekea wapi, unaapa kwa Mwenyezi Mungu. Idarusi akajibu lote, akaapa. Basi Kadhi akakichukua kipaza sauti kutoka mkononi mwa Waziri, taratibu, kama anavyonyang'anywa mtoto kisu.

"Mwezi umeandama," alisema. "Kesho ni Idi. Na kwa kuwa watu wameambiwa mengi, naongeza jambo moja. Mimi nimeuona mwezi. Sikuuona Muungano. Mwezi huu haukuvaa magwanda, na haujajiunga na mtu."

Balozi Wadhihi alikuwa ameanza kupiga makofi. Aliposikia maneno ya mwisho akabaki na viganja hewani. Balozi Temirhani alifunga mwavuli wake na kuteremka kilima bila kuaga.

*

Asubuhi ya Idi tulisali uwanjani karibu na bandari. Kikosi kilisali safu za mbele, mabegi miguuni, kwa sababu amri ilikuwa watoke salani waingie melini. Rais alikuwepo, macho mekundu. Waziri Lukmani hakuwepo, kwani alikuwa ametangulia kwenye manowari na hotuba yake ya kuwaaga askari, ambayo ilitakiwa isomwe wakiwa wanapanda.

Nahodha wa Marjani alikuwa na shida yake mwenyewe. Mwezi unapoandama bamvua huwa kubwa, na maji ya bandari yetu yalikuwa yameshaanza kutoka. Alikuwa ametuma ujumbe kwamba asipong'oa nanga mapema, manowari ya Mfalme itakaa kwenye tope mbele ya Sunubari nzima mpaka jioni, na yeye atakwenda kueleza.

Sheikh Haruni alipanda mimbari, akatoa hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa. Mwishoni alisema, "Leo ni siku ya kupeana mikono. Asiondoke mtu hapa bila kupewa mkono wa Idi. Na anayestahili zaidi ni msafiri." Akateremka, akaenda moja kwa moja kwa askari wa kwanza mstarini, ambaye alikuwa mwanawe, akampa mkono.

Kama alikusudia lililofuata, sijui. Nimemuuliza mara nyingi, anapepesa macho tu. Ninachojua ni kwamba nyuma yake alikuja imamu, nyuma ya imamu walikuja wazee, na nyuma ya wazee uliinuka uwanja mzima. Kila mtu alitaka kumpa mkono kila askari. Waliwauliza hali. Waliwauliza hali za mama zao. Wanawake walitoka upande wao na sahani za kaimati na visheti, wakasimama njia nzima ya bandarini, na askari aliyepewa kaimati hawezi kuondoka hajala. Kamanda alipaza sauti kuamuru wasonge mbele, lakini mbele hapakuwepo, palikuwa na bibi zao. Mkono wa Idi hauna namna ya kuukataa, na kila aliyemaliza mstari alikumbuka kwamba yule wa kwanza hakumuaga vizuri, akarudi. Rais mwenyewe alisombwa na watu, akajikuta anashikana mikono na jeshi lake, na mtu mmoja aliyekuwa karibu anasema alionekana kama anayepumzika.

Manowari ilipiga honi. Ikapiga tena. Halafu, kwa vile maji hayana adabu hata kwa Mfalme, ikang'oa nanga, ikaanza kuondoka.

Waziri Lukmani alikuwa juu ya sitaha, ameinamia karatasi zake, anasoma. Upepo ulituletea sauti yake nzuri: "...nanyi mnapokwenda, kumbukeni kwamba taifa zima linakwenda pamoja nanyi..." Alipoinua uso, kati yake na taifa palikuwa na maji mengi. Tulimwona anakimbia kwenda nyuma ya meli, anasimama, anaangalia. Mtu mmoja akampungia mkono, basi sote tukampungia, kwa sababu hatukujua lingine la kufanya.

Huyo ndiye askari pekee ambaye nchi yetu imewahi kuutolea Muungano wa Ngao Moja. Nasikia ana cheo huko na anavaa kofia.

Gharama tuliilipa. Sunubari ilikata unga kwa sababu tulisali na Marjani, na Marjani ikakata gesi kwa sababu kikosi hakikuja. Kwa miezi kadhaa tulichoma mihogo kwa kuni, tukikohoa. Kisha siku moja Mfalme wa Marjani na Rais wa Sunubari wakakutana katika mji wa tatu, wakala mwanakondoo mzima, wakagundua kwamba kumbe hawakuwa na ugomvi. Ulikuwa uchochezi tu, walisema, wa nchi fulani ndogo yenye undumilakuwili. Walitulaani kwa pamoja, katika tamko zuri, kwa lugha mbili.

*

Lakini hayo yalikuja baadaye. Mchana ule wa Idi kamanda alibaki bandarini na kikosi kizima kilichojaa kaimati, hana meli, hana Waziri, hana amri. Mwisho akasema, "Nendeni makwenu mkale," akaenda na yeye.

Sheikh Haruni na Idarusi walirudi nyumbani kwa miguu. Redio ilikuwa imeshatangaza kwamba Kadhi Mkuu amepandishwa cheo, kuanzia saa hiyo, kuwa Mshauri Maalumu wa Mambo ya Mwezi, cheo kisicho na ofisi. Nyumba yao ilikuwa ya serikali, na kabla ya adhuhuri mtu wa wizara alikuwa amekuja kuipima madirisha. Kuhusu luteni aliyetoka mstarini bila ruhusa na kutoa ushahidi, redio haikusema lolote, na hilo ndilo lililowatia hofu zaidi.

Bi Shinuna alikuwa amepika pilau kwa gesi iliyobaki. Aliweka sinia katikati, wakakaa watatu. Walipokula matonge machache, akamgeukia mwanawe.

"Baba yako namjua. Nimeishi naye, nilijua hatatazama kwa jicho nililomwambia. Wewe je? Walikuwa wameshanyamaza wote. Ungekaa kimya na wewe, ungekuwa umekosa nini?"

Idarusi alilizungusha tonge vidoleni.

"Alikuwa amesimama peke yake, mama," akasema.

Sheikh Haruni akainamisha kichwa. Alitaka kusema kwamba pale ukingoni alikuwa akiomba asijibiwe na mtu, badala yake akamsogezea mwanawe maji.

Nje gari likapunguza mwendo. Wote watatu wakaacha kutafuna, mikono juu ya sinia. Gari likasimama kidogo, injini inanguruma, kisha likapita.

Bi Shinuna akachukua finyango la nyama kubwa kuliko yote, akaligawa kwa vidole, nusu akaiweka upande wa mumewe, nusu upande wa mwanawe.

"Kuleni," akasema. "Wakirudi, wawakute mmeshiba."